UZURI ULIOTENGENEZWA JANGWANI
Somo kwa familia na vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Kutoka 31:1-6, Kutoka 35:20-29, Kutoka 38:8, Yohana 6:12-13, Yohana 12:1-8.

Shabaha ya somo: Tuone kwamba kutengeneza kitu kizuri na kukitazama si jambo la kungojea mpaka turudi nyumbani. Kisha tujifunze kufanya hivyo kwa macho, kwa simu na kwa mabaki, bila kugusa chakula cha watoto.



Nawasalimu kutoka Kinindo, upande wa kusini wa jiji la Bujumbura, karibu na ziwa. Wengi wenu mnajua Kinindo kama mtaa wa nyumba kubwa zenye mageti. Mimi nakaa humo, ila katika chumba cha uani. Wenzangu wa kikundi cha wamama hutoka Musaga na Kanyosha kwa miguu. Kila Alhamisi tunakaa chini ya mwembe, tunasoma Neno, halafu tunashona. Somo la leo limetoka chini ya mwembe huo, na lilianza kwa maneno makali.

1. SWALI LA MZEE SHEMASI

Tulikuwa tumekusanya faranga chache ili tununue nyuzi za rangi. Tulitaka kushona kitambaa cha meza ya Bwana kwa vipande vya vitenge ambavyo mafundi cherehani huvitupa. Shemasi wetu, mzee tunayemheshimu sana, akapita akasikia. Akasimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akasema: "Binti zangu, posho imepunguzwa tena kule kambini. Kuna watoto wanalala na uji mwepesi. Nanyi mnanunua nyuzi za rangi?"

Hakuna aliyejibu. Tulikunja vitambaa tukaenda nyumbani. Usiku sikulala vizuri, maana mzee alisema kweli. Watoto wana njaa. Je, mkimbizi ana haki gani ya kutafuta kitu kizuri?

Mmoja wetu alinong'ona kwamba mzee amesema kama Yuda, yule aliyelalamika Mariamu alipomimina marhamu ya thamani miguuni pa Yesu. Lakini someni vizuri Yohana 12. Mwandishi anatuambia wazi kwamba Yuda hakuwajali maskini. Alikuwa mwizi wa mfuko. Mzee wetu si mwizi. Mara nyingi ametoa mafuta yake mwenyewe kwa wajane. Kwa hiyo swali lake si la Yuda. Ni swali la baba wa nyumba, nalo linastahili jibu. Nilitafuta jibu hilo wiki nzima, nikalipata mahali ambapo sikutazamia.

2. BEZALELI ALIKUWA NJIANI

Tunapotafuta mafundi katika Biblia, wengi wetu tunakumbuka hekalu la Sulemani, lililojengwa wakati wa amani na utajiri. Lakini kazi nzuri ya kwanza ambayo Mungu aliwaagiza Waisraeli waifanye haikufanyika Yerusalemu. Ilifanyika jangwani. Watu walikuwa wametoka Misri usiku, na unga wao haujachachwa. Walilala katika mahema. Chakula chao kilikuwa cha kugawiwa, kila mtu kwa kipimo cha siku yake. Wapendwa, maisha hayo tunayajua.

Hapo ndipo Mungu alipomwita mtu kwa jina, Bezaleli, akampa Oholiabu kuwa msaidizi wake. Kutoka 31 inasema kwamba alijazwa Roho wa Mungu, awe na hekima na maarifa ya kuchora, kufua dhahabu, kukata vito na kuchonga miti. Angalieni: Roho huyo huyo tunayemwomba atupe kuhubiri ndiye aliyempa mtu ustadi wa mikono.

Vifaa walivipata wapi? Hapakuwa na duka. Walileta walichokuwa nacho: pete, vikuku, nguo, ngozi. Wamama walisokota nyuzi na manyoya ya mbuzi kwa mikono yao (35:25-26). Wengine walitoa vioo vyao vya shaba, vikayeyushwa kuwa birika la kunawia (38:8). Kioo alichotazamia mama uso wake kikawa chombo cha nyumba ya Mungu. Hiyo ndiyo tunayoiita leo kugeuza kitu cha zamani kuwa kipya.

Lakini tusome pia sura inayofuata. Katika Kutoka 32, watu hao hao, kwa mikono hiyo hiyo, walichukua pete za masikio wakatengeneza ndama. Kwa hiyo uzuri peke yake haumwokoi mtu. Dhahabu ile ile inaweza kuwa kinara cha taa au sanamu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Hili basi ndilo jibu la kwanza kwa mzee wetu: Mungu hakuwaambia wale watu wa mahema wangoje wafike Kanaani ndipo waanze kusuka, kuchonga na kupamba. Aliwapa kazi hiyo wakiwa njiani, maana alitaka waendelee kuwa watu, wasiwe msafara wa midomo yenye njaa tu.

3. SAFARI YA MTU ASIYE NA NAULI

Watu wenye pasipoti husafiri ili waone mambo mazuri. Sisi tumesafiri sana, lakini tulikuwa tunakimbia, na mtu anayekimbia haoni njia. Wengi wetu hata leo hatuwezi kutoka kambini bila karatasi ya ruhusa. Je, tutajifunzaje kuona?

Nataka niwaambie kuhusu safari yangu ya dakika ishirini. Kutoka chumbani mwangu naenda hadi mahali ambapo ziwa linaonekana. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Ng'ambo, upande wa magharibi, inasimama milima ya Mitumba, juu ya Uvira. Jioni jua linazama nyuma ya milima hiyo. Kwa wageni wanaokunywa soda ufukweni, hiyo ni picha nzuri tu. Kwangu mimi, jua linazama nyumbani kwetu.

Kwa miaka miwili sikutaka kutazama upande ule. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa. Wale Wayahudi wa Zaburi 137 walitundika vinubi vyao kwenye miti, wakashindwa kuimba ugenini. Nami nilitundika macho yangu. Siku niliyoinua kichwa niliona kwamba mlima hauna rangi moja. Una bluu, kisha zambarau, kisha mweusi, na maji yanabadilika pamoja nao. Nililia, lakini kilio kile kilikuwa cha namna nyingine. Tangu siku hiyo naenda mara moja kwa wiki, mapema kidogo kabla ya giza. (Tahadhari kwa wenzangu wa mjini: giza likiingia msikae ufukweni. Viboko hutoka majini kutafuta majani, nao hawana mzaha.)

Ukifuata barabara ya ziwa kuelekea Rumonge, yapata kilomita kumi hivi kusini mwa jiji, kuna jiwe kubwa mahali paitwapo Mugere. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Hao wawili walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi ili waone kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwamba unaingia. Nilipolisoma jiwe lile nilijiuliza swali moja: waliopiga makasia wanaitwa nani? Majina yao hayamo. Walikuwa Waafrika waliofanya safari ile ile, wakaona ziwa lile lile, lakini jiwe halisemi neno juu yao.

Wapendwa, safari yetu nayo itasahauliwa vivyo hivyo tusipoiandika sisi wenyewe. Hilo linatuleta kwenye picha.

4. USO ULIOKATWA

Kaskazini mwa Uganda kuna mji uitwao Gulu. Wakati wa vita vya waasi wa LRA, zaidi ya watu milioni moja na nusu katika eneo lile walihamishwa makwao, wakakaa makambi. Mjini Gulu kulikuwa na studio ya picha ya zamani iitwayo Gulu Real Art Studio. Watu walifika hapo kupiga picha ndogo za vitambulisho, za mikopo na za kazi. Mashine ya picha ndogo ilitoa nne kwa mara moja, na wengi hawakuhitaji nne. Basi mpiga picha alipiga picha moja kubwa ya mtu mzima aliyeketi kitini, akakata uso kwa mashine, akampa mteja ule uso, na karatasi iliyobaki akaiweka pembeni kama taka.

Mpiga picha Martina Bacigalupo, Mwitaliano ambaye wakati ule aliishi hapa Burundi, alizikuta zile karatasi zilizobaki. Alizikusanya, na mwaka 2013 zikatolewa kitabu. Ndani yake hakuna uso hata mmoja; kila picha ina shimo la pembe nne mahali pa kichwa. Lakini ukitazama, unaona kila kitu kingine. Unaona mikono iliyoshikana juu ya magoti. Unaona gauni lililopigwa pasi kwa ajili ya siku ile, mtoto aliyepakatwa, na koti la kuazima lililo kubwa kuliko mwenye kulivaa.

Nilipoisikia habari hii nilitoa kadi yangu ya ukimbizi nikaitazama. Ofisi inahitaji uso wangu, na si vibaya. Bila uso ule sipati huduma. Lakini ofisi haihitaji mikono yangu, wala gauni langu, wala mtoto niliyempakata. Vitu hivyo vinakatwa na kutupwa. Tukiiachia ofisi peke yake kazi ya kutupiga picha, watoto wetu watarithi nyuso zenye mhuri, bila mikono.

Na wageni wanaokuja na kamera kubwa je? Wengine ni watu wema, na picha zao zimetuletea msaada. Lakini mara nyingi wanatafuta machozi. Mama akitabasamu, kamera inashushwa. Kwa hiyo tusiwakasirikie, bali nasi tujifunze kupiga picha zetu. Simu moja katika kikundi inatosha.

Haya ndiyo tuliyojifunza chini ya mwembe:

(a) Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini cha pamba. Picha nyingi zenye ukungu ni jasho la mfukoni tu.

(b) Usipige saa sita mchana juani. Jua la utosini linafanya macho kuwa mashimo meusi. Mkalishe mtu mlangoni, ndani ya kivuli, uso ukielekea nje. Mwanga wa mlango ni mzuri kuliko taa za studio nyingi.

(c) Mpige mtu mzima pamoja na mikono yake, na kazi aliyoishika. Bibi na ungo wake. Baba na randa yake. Binti na daftari.

(d) Omba ruhusa, hata kwa mtoto mdogo. Muulize mzazi wake. Aliyekataa amekataa, asisumbuliwe.

(e) Usipige picha za askari, mipaka, madaraja wala majengo ya serikali. Utajiletea matatizo bure. Na kama kuna mtu anayekutafuta kwa ubaya, usitume picha yenye kuonyesha unapokaa.

(f) Simu huanguka na kuibiwa. Chagua picha moja au mbili kwa mwaka, zisafishwe kwenye karatasi. Nyuma, pembeni, andika majina, mahali na mwaka. Usikandamize kalamu, na acha wino ukauke kabla ya kulaza picha juu ya picha nyingine.

(g) Usiibandike picha moja kwa moja kwenye kioo. Unyevu huigandisha, na ukiibandua inachanika. Iweke katika mfuko wa plastiki mkavu, pamoja na vyeti vyenu. Siku ya kuondoka ghafla, mkono utakaochukua vyeti utachukua na picha.

5. VIPANDE VISIPOTEE

Baada ya watu elfu tano kula, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kufanya mikate kutoka kwa mikate hakuona aibu kuokota makombo. Hapo ndipo ninapopata mafundisho ya kazi ya mikono ya bei ndogo.

Nchi hii iliyotupokea ni shule. Mwanamke wa Burundi anasuka kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka, kiitwacho agaseke. Anachukua majani makavu, anayafanya kuwa kamba nene, anaizungusha, na kila mzunguko anaushona na uliotangulia kwa uzi wa mmea. Hakuna kinachonunuliwa ila muda. Wamama wa Kitwa walifinyanga vyungu vya nchi hii kwa udongo wa mabondeni kabla ya sufuria na ndoo za plastiki kujaa sokoni. Anayeweza kufika mjini aende Musée Vivant, makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1977, akatazame nyumba ya zamani na vyombo vyake. Atagundua kwamba hata kibuyu cha maziwa kilipambwa. Waliokipamba hawakuwa matajiri.

Nasi tuliotoka Kongo tusijidharau. Nani hajui chukudu ya Goma? Ni ubao, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani. Inabeba mamia ya kilo za viazi na makaa. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Chombo cha maskini, kilichobuniwa kwa mabaki, kimesimama mahali ambapo miji mingine huweka majenerali.

Basi tufanye kitu kimoja pamoja. Ni fremu ya picha, na vifaa vyake vyote ni vya kuokota.

Vifaa: boksi kuukuu, majani au maganda makavu ya mgomba, vipande vya kitenge, kijiko kimoja kikubwa cha unga wa muhogo, mkasi au wembe (wembe washike watu wazima).

Gundi: Koroga unga katika maji baridi kidogo mpaka usiwe na madonge. Ongeza nusu kikombe cha maji, weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Acha upoe. Usipike zaidi ya kijiko hicho, maana gundi nyingi huvutia mende, na unga ni chakula.

Kazi:
Kwanza, laza majani ya mgomba chini ya jiwe au magodoro usiku kucha, yanyooke. Chagua ya rangi mbalimbali: manjano, kahawia, karibu na nyeusi. Huna haja ya rangi ya dukani.
Pili, kata vipande viwili vya boksi, kila kimoja sentimita 16 kwa 21. Kimoja kitoboe dirisha katikati, sentimita 9 kwa 14. Picha ya kawaida ya 10 kwa 15 itakaa nyuma ya dirisha bila kudondoka.
Tatu, paka gundi nyembamba kwenye kipande chenye dirisha, bandika majani kwa mistari au kwa umbo unalolipenda. Pembeni zungushia kitenge.
Nne, shikanisha vipande viwili kwa gundi pande tatu tu. Upande wa juu uache wazi. Picha itaingia na kutoka hapo, na gundi haitaigusa.
Tano, weka jiwe juu, acha siku nzima kivulini. Ikikauka, bandika nyuma kipande cha pembe tatu ili isimame.

Watoto wanaipenda kazi hii sana. Na wakati mikono inafanya kazi, midomo hufunguka. Kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye hakuwahi kusema habari ya kijiji chao, alianza kusimulia akiwa anabandika majani: "Kwetu migomba ilikuwa nyuma ya nyumba." Hatukumuuliza. Tuliendelea kukata, naye akaendelea kusema.

6. MAONYO MAWILI

La kwanza: tusidanganyane kuhusu fedha. Watu husema, "Sukeni vikapu, mtatajirika." Ni kweli kuna wakimbizi waliopata soko. Mwaka 2018 UNHCR ilianzisha mpango uitwao MADE51 wa kuwaunganisha mafundi wakimbizi na wanunuzi wa mbali, na wamama wa Burundi walioko kambi ya Mahama, Rwanda, wamesuka vikapu vilivyouzwa kwa njia hiyo. Tunamshukuru Mungu. Lakini soko la mbali linataka vipimo sawa, rangi sawa na mtu wa kati mwaminifu. Kabla ya kuuza, hesabu siku ulizotumia na gharama ya nyuzi. Kama bei haikulipi hata chakula cha siku hizo, mpe kikapu dada yako siku ya arusi yake, kitakuwa na heshima zaidi. Akila na Prisila, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Klaudio (Matendo 18:1-3), walishona mahema wakala kwa kazi yao. Walikuwa wakimbizi wenye ufundi. Hatuambiwi kwamba walitajirika.

La pili: tukumbuke ndama. Kitu kizuri kikianza kutuletea majivuno, mashindano ya nani ana picha nzuri, au deni dukani, kimeshakuwa ndama. Mama asiyekuwa na fremu asione aibu kwa mwenye nayo, amtengenezee.

7. JIBU

Wiki iliyofuata nilimwendea mzee shemasi nyumbani, na Biblia mkononi. Nilimsomea habari za Bezaleli. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi kuukuu ya kambi, na juu yake picha ndogo ya marehemu mke wake. Mhuri umepita juu ya shavu na jicho moja.

Akasema: "Ni hii tu. Alikuwa na mikono mizuri ya kusuka. Wajukuu hawajui."

Sikuwa na la kusema. Baadaye akaongeza: "Shoneni kitambaa chenu. Lakini wekeni sheria: sufuria ya mgonjwa kwanza, uzi baadaye."

Tumeishika sheria hiyo mpaka leo. Kila Alhamisi, kabla ya kununua uzi, tunauliza kama kuna nyumba isiyo na unga. Ikiwepo, faranga zinaenda huko, nasi tunashona kwa uzi uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu. Kitambaa cha meza kilichukua miezi saba badala ya miwili. Rangi zake hazilingani. Kinatandikwa kila Jumapili ya Meza ya Bwana.

Na mzee? Tulimpiga picha mlangoni pake, kivulini, pamoja na wajukuu watatu. Mikono yake inaonekana yote miwili. Nyuma imeandikwa majina, Bujumbura, na mwaka. Katika fremu ya majani ya mgomba, upande wa chini, mjukuu mkubwa amebandika kikapu kidogo. Alisema ni cha bibi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Kutoka 35, kila mtu alileta alichokuwa nacho. Ninyi mna nini katika nyumba yenu ambacho mlikiona ni taka?
2. Je, swali la mzee shemasi lilikuwa la haki? Sheria yenu ya "sufuria kwanza" itakuwaje katika kikundi chenu?
3. Ni kitu gani kizuri karibu na mahali mnapokaa ambacho mmekuwa mkikipita mkiwa mmeinamisha kichwa?
4. Kama watoto wenu wangepata picha moja tu yenu baada ya miaka hamsini, mngependa ionyeshe nini mkononi mwenu?
5. Ni ufundi gani wa wazazi wenu ambao bado mnaukumbuka? Nani amefundishwa?

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii kila familia itembee pamoja kwa nusu saa, ndani ya mipaka inayoruhusiwa, bila mzigo wala shughuli. Kila mtoto arudi na kitu kimoja kizuri alichokiona: jani, jiwe, au habari ya kusimulia. Wazee wa nyumba wasikilize kwanza, ndipo waseme.

OMBI LA KUFUNGA

Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli katikati ya mahema, tujaze na sisi. Lishe watoto wetu. Fungua macho tuliyoyafunga kwa uchungu. Mikono yetu usiiache ikae bure, wala usiiache ifanye ndama. Na majina yetu, ambayo watu hawakuyaandika, wewe unayajua. Amina.